Leroy wa Tekken 7 azuiwe kwenye ligi ya kibanda?

Kibanda_Mabatini (Mbeya)

Wakuu, habari za huko. Nasimamia kibanda cha gemu hapa Mabatini, tunaanza ligi ya Tekken 7, lile gemu la kupigana ngumi na mateke. Kiingilio buku mbili, mshindi anaondoka na debe la mchele wa Kyela. Ugomvi umeanza hata ratiba haijabandikwa. Kuna dogo anatoka Ilemi, anamchukua mhusika Leroy, yule mzee wa rasta nyeupe, na hakuna anayemgusa. Unamrushia ngumi, anaidaka, anakushushia mfululizo, nusu ya damu imeondoka. Wengine wanasema Leroy akiwemo hawatoi kiingilio. Wengine wanasema tukimzuia tunamwadhibu dogo kwa sababu anajua kucheza.

Sitaki kuamua kwa kufuata kelele. Mhusika anapimwaje mpaka tukubaliane kwamba amezidi wenzake? Enzi za Tekken 3 watu walilalamika hivi hivi juu ya mhusika Eddy, kwamba unabonyeza mateke tu unashinda. Leo ukimchukua Eddy pale kibandani unachapwa na watoto wa darasa la sita.

Tukuyu_Mvua

Mzuie tu mkuu. Ligi ni ya watu kufurahi, na kiingilio wanatoa wao.

Mnyalu_Kihesa (Iringa)

Kamwene mkuu. Mimi nimeshasimamia mashindano ya vijana huku Kihesa na swali lako nalichukulia kwa uzito, maana ukimwondoa mhusika bila sababu, mchezaji aliyekesha akimfanyia mazoezi umemdhulumu.

Anza kwa kutenganisha mkono wa dogo na Leroy mwenyewe. Dogo mpe mhusika mwingine, Paul au Law. Leroy mpe mchezaji wa kawaida, yule anayefungwa na wengi. Dogo akiendelea kuwachapa akiwa na Paul, basi ni dogo anayewashinda. Yule wa kawaida akianza ghafla kuwafunga wanaomfunga siku zote, hapo Leroy ana kesi ya kujibu.

Halafu, kumfunga mtu asiyejua dawa hakuthibitishi chochote. Huyo Eddy uliyemtaja, mateke yake mengi yalikuwa ya chini, na watu walikuwa wanazuia wakiwa wamesimama. Walipozoea kuchuchumaa, kuzuia, kisha kuinuka na pigo, Eddy akawa mtu wa kawaida. Kwa Leroy fanyeni hivi: ingieni sehemu ya mazoezi, mrekodini akifanya kile kile kinachowamaliza, gemu litakirudia lenyewe, nanyi mjaribu kila kitu. Kuchuchumaa, hatua ya pembeni, kumkamata. Ule mkao wake wa kudaka unapokea mapigo ya juu na ya kati. Ukimkamata au ukimpiga chini, haumsaidii. Pia gemu linakwenda fremu 60, yaani picha 60, kwa sekunde, na ngumi ya haraka ya karibu kila mtu inafika kwa fremu 10, yaani moja ya sita ya sekunde. Pigo lolote la Leroy ambalo ukilizuia linamchelewesha fremu 10 au zaidi, ngumi hiyo unampa na hana la kufanya. Yatafuteni hayo mapigo. Wachezaji wenu wa juu wakishayajua na bado hawafurukuti, ndipo mzungumzie kumzuia.

Kuna wahusika ambao hata ukijua kila kitu, dawa haipo. Akuma wa Super Street Fighter II Turbo, gemu jingine la kupigana, mwaka 1994, alikuwa anarusha moto akiwa hewani na wenzake wengi hawakuwa na namna ya kuupita. Mashindano ya Marekani yakamzuia, na mimi naona walitenda haki.

Na Leroy naye, mkuu, wanaolalamika msiwadharau. Aliongezwa Desemba 2019. Januari 2020 kwenye EVO Japan, mashindano makubwa ya magemu ya kupigana, katika nane bora sita walikuwa na Leroy, na ubingwa akauchukua Book wa Thailand akiwa na huyo huyo. Wale ni mabingwa, kila mmoja ana mhusika wake aliyemzoea kwa miaka, na wakamwacha kumfuata Leroy ndani ya muda mfupi namna ile. Mimi hiyo ndiyo dalili ninayoiamini kuliko idadi ya ushindi. Mwaka huo huo watengenezaji wakampunguza makali, na wakaendelea kumrekebisha. Kwa hiyo niambie: gemu lenu ni toleo gani?

Fundi_Uyole

Naongeza la TV. Nyingi za bapa zinachelewesha picha kama hujawasha hali ya gemu kwenye mipangilio. Ikichelewa sehemu ya kumi ya sekunde tu, umepoteza fremu 6 kabla hujaona pigo. Hapo hata la kuzuilika litaonekana halizuiliki. Angalieni hiyo kabla hamjamhukumu mtu.

Kibanda_Mabatini (Mbeya)

Ndaga fijo, ndugu zangu. Nimefanya yote. TV ilikuwa haijawashwa hali ya gemu, sasa imewashwa, na kweli watu wameanza kuzuia mateke ya chini waliyokuwa wanayala kila siku. Dogo nimempa Paul, kafunga karibu wote. Ila kijana mmoja wa bodaboda, ambaye hajawahi kuvuka raundi ya kwanza, kamchukua Leroy na kuwatoa watatu wa juu mfululizo, na hao watatu walikuwa wametoka kufanya mazoezi ya kumkamata.

Kuhusu toleo: mashine haijawahi kuingia mtandaoni tangu tuinunue. Nimelinganisha na orodha ya masasisho, ni toleo lile lile alilokuja nalo Leroy Desemba 2019.

Mnyalu_Kihesa (Iringa)

Basi mnacheza na yule yule wa EVO Japan, kabla hajapunguzwa. Kwa mashine hiyo mzuie, na kwenye karatasi ya ukutani andika kabisa kwamba ni kwa sababu ya toleo, ili siku mkisasisha arudi na mumpime upya. Dogo mwambie wewe mwenyewe kabla hujabandika, asije akayasikia kwa watu. Kwa alivyocheza na Paul hana cha kuogopa.

Kanuni moja usiiache: kwenye mechi, aliyeshinda gemu habadilishi mhusika, aliyefungwa ana ruhusa. Mechi iwe ya kutangulia kushinda gemu mbili, na fainali tatu.