Hivi teknolojia imemuondoa dalali kwenye utalii au imetuletea mkubwa zaidi?

mwanafunzi_utalii
Wakuu habari zenu. Nasoma utalii na darasani tunaambiwa kila siku kwamba intaneti imemuondoa dalali, mtalii anaongea moja kwa moja na mwenye hoteli basi. Sasa nikiongea na wenye hoteli ndogo wananiambia kitu kingine kabisa, wageni wao wengi wanatokea kwenye mitandao ya buking na kila mgeni wanakatwa kamisheni, asilimia 15 na kuendelea. Hapo dalali kaondoka au kabadilisha shati tu? Mlioko kwenye hii kazi naomba mnifafanulie, naandika ripoti.

wakala_wa_zamani
Hajaondoka mdogo wangu, na haya mambo hayakuanza na intaneti. Sabre, sistimu ya buking ambayo American Airlines waliitengeneza na IBM, ilianza miaka ya 1960, halafu 1976 mashirika makubwa ya ndege ya Marekani yakaanza kuwawekea mawakala kompyuta za sistimu zao maofisini. Wakala anauza tiketi za mashirika yote ila sistimu ni ya American au ya United, basi mwenye sistimu anahakikisha ndege zake ndo zinatokea juu, maana wakala ana mteja kakaa mbele yake na simu inaita, atachukua zile za mwanzo kwenye skrini, ukurasa wa pili ataufungua saa ngapi? Ilifika mahali serikali yao ikaingilia 1984 ikapiga marufuku ule upendeleo. Angalia leo sasa, unatafuta hoteli kwenye simu, nani anashuka mpaka ya arobaini? Na kuna mitandao ambayo hoteli ikikubali kukatwa kamisheni zaidi inapandishwa juu. Kwenye ripoti yako uliza skrini ni ya nani na nani anapanga kinachotokea kwanza, hapo ndo penye hela.

dawati_la_mbele
Mkuu hapo juu kamaliza, mimi niko mapokezi niongezee ya huku chini. Chumba kimebaki kimoja, kiko kwenye mitandao mitatu na kila mmoja una kalenda yake, mgeni anabuku huku na kabla kalenda ya kule haijapata taarifa mwingine naye anabuku kilekile, usiku wanafika wote wawili, kila mtu ana uthibitisho kwenye simu na wote wamechoka na safari. Programu za kuunganisha kalenda zipo na zinasaidia sana lakini zinalipiwa kila mwezi. Ila kinachoniuma mimi kuliko hata kamisheni ni hiki, mtandao unaweza kukuletea mgeni na barua pepe ya kupitia kwao, yake halisi huioni. Akiondoka huna pa kumpata, na msimu ujao wao ndo wanamtumia ofa, tena ya hoteli nyingine. Sisi tumemhudumia, wao wamebaki naye.

mpanga_safari
Nawaelewa ila tusisahau tulikotoka. Zamani kampuni kubwa za safari zilikuwa zinachapa katalogi, hoteli ndogo isipokuwemo humo mgeni wa mbali hawezi hata kujua kama ipo. Leo yenye vyumba sita inawekwa pamoja na yenye vyumba mia tatu na maoni ya wageni yanaweza kuibeba, hicho kitu hakikuwepo. Ubaya mimi nauona kwenye yale masharti ya kumkataza mwenye hoteli asiuze bei ya chini kwenye tovuti yake mwenyewe. Ufaransa walishayafuta kisheria tangu 2015, na Umoja wa Ulaya uliiweka Booking.com chini ya sheria yao ya masoko ya kidijitali Mei 2024, kuanzia Novemba mwaka huohuo hairuhusiwi kuweka masharti hayo kule.

mwanafunzi_utalii
Asanteni sana wakuu, hii ya 1984 sikuwahi kuisikia popote. Swali la mwisho kwa dawati, sasa huyo mgeni mnambakizaje?

dawati_la_mbele
Akifika tu. Wakati anajaza fomu tunamuomba namba na barua pepe yake mwenyewe na tunamuuliza kama anaruhusu tumwandikie, wengi wanakubali. Halafu tovuti yenu lazima ifunguke haraka kwenye simu na ipokee malipo palepale, ukimwambia mtu atume ujumbe asubiri jibu atarudi kulekule kwenye mtandao aliozoea na kamisheni utaikatwa upya.