Makala ya video ya mshairi mkongwe na jiji la Mbeya: kipi kitangulie?

Isanga_Juu: Wakuu, inaandaliwa makala ya dakika 20 kuhusu mshairi mkongwe wa hapa Mbeya. Mzee anaghani mwenyewe, nyumbani kwake Isanga, nyumba ya bati. Jiji nalo lionekane: Mwanjelwa, Uhindini, mlima Loleza. Kuna kamera moja, maiki mbili, siku tano. Tuanze na nini?

FundiSauti: Mkuu, anzeni na sauti. Kila shairi lirekodiwe zima, mara tatu, bila kumkatisha. Anayeghani hapandi kwa kimo kilekile kila akirudia. Ukiunga ubeti wa rekodi ya kwanza na wa rekodi ya pili, kiungo kinasikika hata kwa asiyejua ushairi. Halafu nyamazeni wote mrekodi ukimya wa chumba kwa dakika 1, ndio wa kuzibia mapengo wakati wa kuhariri.

Hilo bati lina tabia yake: baada ya usiku wa baridi, jua la asubuhi likiligonga linalia ta-ta-ta, na jioni linalia tena likipoa. Rekodini kati ya saa 5 na saa 8 mchana. Mvua ikianza, acheni. Mzee avae sweta. Jaketi la nailoni linakwaruza maiki ya kola.

Mizani16: Kwenye kuhariri, shairi ndilo liongoze picha. Kama ni tarbia (mishororo minne kila ubeti) ya mizani 16, yaani silabi 16 kila mshororo, kuna pumziko baada ya ukwapi, nusu ya kwanza ya mshororo yenye mizani 8, na jingine mwisho wa mshororo. Badilisheni picha hapo tu, tena si kila mara. Na akitaja soko, tafadhali msirushe soko palepale. Mwacheni msikilizaji alione kwanza kichwani.

Loleza2656: Loleza iko kaskazini mwa jiji. Mwezi wa 6 na wa 7 jua linapita upande wa kaskazini, kwa hiyo ukiwa juu kule linakuwa nyuma yako na mabati ya mjini yanang'aa vizuri. Ndani ya nyumba tumia fremu 25 kwa sekunde na shata (muda wa kila fremu kupokea mwanga) ya sekunde 1/50, maana umeme wetu ni hezi 50. Vinginevyo taa zinapepesa. Kibali cha Bodi ya Filamu kiombwe mapema, na ruhusa ya mzee kutumia mashairi yake iwe ya maandishi.

Isanga_Juu: Shukrani. Na akisahau mshororo katikati?

Mizani16: Msimkumbushe. Aanze ubeti ule upya, kamera ikiendelea.