Ukoo wa Chumbageni: Salma kaenda Tallinn

Salma: Asalaam alaykum wote, nimefika salama, meli imetoka Helsinki asubuhi masaa mawili tu tumefika, afu toka bandarini nimetembea kwa mguu mpaka mji mkongwe maana si mbali ila huo upepo wa bahari jamani unakata masikio, nyuzi 11 chini ya sifuri

Mama: Waalaykum salaam. Ile kofia ya sufu umevaa?

Salma: Nimevaa mama, na sweta mbili

Hassani: We si unasoma Finland? Tallinn ndo wapi tena

Salma: Estonia kaka, ng'ambo ya maji tu, kama kilomita 80. Chukulia umetoka Tanga umeenda Pemba kushangaa jioni unarudi

Salma: [picha]

Salma: Huo mnara mwembamba ni wa jumba la baraza la mji, limemalizwa 1404 na limesimama hivyo hivyo. Kule juu kabisa kuna kiaskari cha bati kashika bendera, wanamwita Vana Toomas yani Mzee Tomasi, aliwekwa 1530 kuonyesha upepo unatoka wapi, huyu wa sasa ni nakala

Mjomba Baharia: Mji wa wafanyabiashara wa majini huo lazima upepo ujulikane. Zamani ukiitwa Reval, ulikua kwenye umoja wa miji ya biashara unaitwa Hansa. Chumvi inatoka Ulaya magharibi kwa jahazi zao inashushwa hapo inaenda Urusi, nta na manyoya ya wanyama vinarudi. Mie bahari hiyo nimeipita melini hatukushuka, roho iliniuma

Salma: Mjomba na ndo maana nyumba za matajiri zimekaa kiajabu, wenyewe walikua wanaishi chini afu ghorofa za juu zote ghala, angalia hiyo picha kuna boriti imechomoza juu ya dirisha

Mjomba Baharia: Hilo ni la kutundikia kapi. Gunia linapanda kwa kamba. Safi sana

Shangazi Tatu: Mbona hakuna watu? Mji wote barafu tu kama friza

Salma: Watu wapo uwanjani shangazi, kuna gulio la krismasi vibanda vya mbao wanauza lozi za sukari na soseji za damu (hizo nimezipita mbali 😂). Sema mitaani unatembea unaangalia juu na chini kwa pamoja, chini mawe yanateleza, juu kwenye mapaa kuna mikuki ya barafu inaning'inia mirefu kama mkono, mahali pengine wamefunga utepe watu wasipite ikidondoka ni kichwa

Mama: Salma rudi

Salma: Mama bwana

Salma: [picha] Shangazi hii yako. Huo mnara mnene wamejenga 1475, mita 38, jina lake Kiek in de Kök. Kijerumani cha zamani, maana yake Chungulia Jikoni. Askari wakikaa juu walikua wanaona mpaka ndani ya majiko ya watu

Shangazi Tatu: Kumbe! Basi na huku tunao mmoja ila yeye hana mnara ana dirisha la choo

Zuhura: 😂😂😂 shangazi yumo humu huyo

Shangazi Tatu: Hayumo, alileft mwezi wa tisa

Hassani: Dada hiyo ni saa ngapi mbona giza

Salma: Hapa saa tisa na dakika 20 kaka, jua ndo limezama. Nimeswali magharibi sa hivi

Mama: Subhanallah. Sisi ndo kwanza tumetoka alasiri

Salma: Na giza likiingia sheria yao kila anayetembea kwa miguu lazima avae kitu kinachong'aa magari yamuone, mie nimening'iniza kwenye koti kama hirizi

Salma: Sasa ngojeni. Ngojeni niwape kitu

Salma: [picha]

Zuhura: Heee

Hassani: Huyo si mtu mweusi

Salma: Ndo nawaambia. Mtaa unaitwa Pikk yani mrefu, natembea zangu naangalia nyumba nakutana na mlango wa kijani na nyekundu na nakshi za dhahabu, na mlangoni pale kichwa cha mtu mweusi ananiangalia, nywele kipilipili, kitambaa kimefungwa kichwani. Zamani ilikua nyumba ya chama cha Vichwa Vyeusi, wafanyabiashara na wenye meli hao ila wote makapera, ukioa ulikua unahamia chama kingine kinaitwa Chama Kikubwa. Mlinzi wao alikua Mtakatifu Maurice, hadithi inasema alikua askari wa Roma katokea Misri. Uso wa nyumba ni wa 1597, mlango miaka ya 1640 huko

Mjomba Baharia: Kwahiyo makapera wa Kizungu walikua wanasali kwa mtu wa Misri. Dunia hii

Shangazi Tatu: Hassani chama chako hicho

Hassani: Shangazi naomba tusianze

Zuhura: Bibi kaiona picha anauliza huo mlango una mfaa, ule mti wa katikati?

Salma: Mwambie upo, na umechongwa

Zuhura: Anasema basi fundi wake anajua kazi. Ila anasema mlango haupakwi rangi hivyo, mlango mti wake unaonekana

Salma: 😂😂 Mwambie bibi nitawafikishia. Yani nimesimama pale dakika kumi mpaka vidole vimekufa ganzi, maana tangu asubuhi sijaona mweusi mwingine mji mzima, nakuja kumuona wa mbao. Afu kuna mzee mmoja wa kitalii kaniomba eti nisimame pembeni ya mlango anipige picha na hicho kichwa, nikamwambia hapana asante nikao

Mama: Nikao nini

Mama: Salma

Mama: Salma mbona umekata

Mama: Tiki moja

Shangazi Tatu: Mtandao huo wifi

Mama: Nilimwambia asiende peke yake. Tiki moja saa nzima sasa

Mjomba Baharia: Dada tulia, hapo mji mdogo umezungukwa na ukuta, hawezi kupotea akaenda popote

Mama: Ukuta ndo utampokea simu?

Baba Mdogo: Nimetoka kazini nakuta meseji 94. Nani kapotea

Salma: Jamani nipo nipo nipo. Simu imezima kwa baridi ilikua na chaji asilimia 40 ikafa tu mkononi, nimeingia mgahawa nimeiweka kwapani ikapata joto ndo nimechomeka chaja. Huku watu wanabeba simu mfuko wa ndani, sikujua

Mama: Alhamdulillah. Usinifanyie hivyo tena

Salma: Samahani mama. Na nimeanguka kidogo. Kuna njia mbili za kupanda kilimani moja inaitwa Mguu Mrefu nyingine Mguu Mfupi, wenyeji wanasema mji wao unachechemea. Mie nimeshukia Mguu Mfupi kwenye ngazi nikaenda na makalio mpaka chini, sa hivi nachechemea kweli

Mama: Umevunjika?

Salma: Sijavunjika, koti limenisaidia

Baba Mdogo: Kwa hiyo hamna aliyepotea

Salma: Hamna baba mdogo. Nimepita na duka la dawa la uwanjani, 1422 lilikua tayari lipo na mpaka leo linauza panadoli. Ndani wameweka kabati la dawa za kale, nyuki wa kuchomwa, kalunguyeye wa kuchomwa

Hassani: Kalunguyeye ndo nini

Mjomba Baharia: Kinyama kidogo cha miiba. Shule mlienda kufanya nini nyie

Salma: Na wanasema marzipani ilianzia hapo ikiwa ni dawa, ila Wajerumani wa Lübeck wanabisha wanasema ya kwao. Nimenunua boksi

Zuhura: Bibi anauliza hiyo ni halua?

Salma: Lozi za kusagwa na sukari, kama halua ngumu hivi

Zuhura: Anasema alete

Mama: Bibi ana sukari Salma usilete

Zuhura: Anasema si umesema ni dawa

Zuhura: Jamani kaninyang'anya simu

Zuhura: [picha ya sakafu]

Zuhura: [picha ya sakafu]