Naomba ushauri: mtoto wa miaka 2 na miezi 5 haongei, tupo Tanga

Habari zenu wapendwa. Mwanangu wa kiume anasema "mama", "maji" na "baba" tu, wakati wenzake wa umri huu wanaunganisha maneno mawili, "mama njoo", "taka uji". Akiwa na kiu ananishika mkono, ananivuta hadi kwenye ndoo na kunyoosha kidole. Kuelewa anaelewa, mtume kandambili za baba, analeta zote mbili. Bibi yake ananiambia wavulana huchelewa, nisubiri. Kwa heshima zote, sitaki kusubiri, maana miaka hii ya mwanzo ndiyo ubongo unashika lugha kwa wepesi.

Nitaanzia hospitali ya Bombo hapa Tanga kupima masikio, hata kama anageuka akiitwa, kwa sababu maji nyuma ya ngoma ya sikio hupunguza usikivu bila hata maumivu. Baada ya hapo ndipo nakwama. Kuna mtaalamu wa tiba ya usemi hapa Tanga, au ni mpaka Muhimbili? Nikimwogesha namtajia, "maji, sabuni, mguu", kisha nanyamaza nimpe nafasi. Mliopitia hili, mlifanya nini kingine nyumbani?