Wapiga besi wa Dar mnaolipwa kwa kupiga, tupeane uzoefu: chombo kina umuhimu gani kwako?

#1 (mwanzisha uzi)
Wakuu habari za muda huu. Uzi huu ni wa wanaopiga besi kwa ajili ya kula, iwe bendi ya dansi, kanisani, hotelini Masaki au harusi za wikiendi. Vijana wanabishana Fender na Ibanez kama Simba na Yanga, afu ukikutana na mzee aliyekaa stejini miaka yote hiyo wala hakuulizi besi yako ya kampuni gani, anakuuliza nyuzi umebadilisha lini na waya wako mzima? Hapo ndo nataka tuongee.

Naanza mimi. Kazi yangu ni ya kuitwa, bendi ikikosa mpiga besi napigiwa simu jioni, saa tatu usiku nipo stejini napiga nyimbo ambazo zingine nazisikia palepale. Nabeba besi ya nyuzi nne, pasivu (isiyotumia betri), waya mbili na kiboksi cha DI. Hicho kiboksi nakithamini kuliko gitaa lenyewe, sitanii. Kumbi nyingi za Sinza na Mwananyamala hamna amplifaya ya besi, unaambiwa "chomeka kwenye miksa", na miksa ipo mwisho wa ukumbi, sasa waya wa gitaa ukivutwa umbali huo unapoteza makali ya juu na kuokota kila kelele ya jenereta na taa, unasikia mvumo mmoja mzito kabla hata hujagusa uzi. DI inaibadilisha ile sauti ipite kwenye waya wa maiki, ule wa pini tatu, ambao unazifuta kelele zilizookotwa njiani. Fundi mitambo akiona umekuja na cha kwako anakuheshimu kabla hujapiga noti. Haya, nyie je?

#2
Shikamooni wakubwa. Mimi nimefundishwa na mjomba, alipiga enzi za bendi za mashirika. Wadogo humu inabidi wajue kwamba wakati ule mwanamuziki alikuwa mwajiriwa na vyombo ni vya mwajiri. NUTA Jazz ilianza 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, Mlimani Park ilianza 1978 chini ya kampuni ya usafiri na teksi, baadae ndo ikaenda DDC, shirika la maendeleo la Dar, Vijana Jazz ya umoja wa vijana wa chama tawala. Ukihama bendi gitaa unaliacha palepale, unaondoka na vidole vyako tu. Na watu walikuwa wanahama kweli! Kwaiyo mjomba hakuwahi kusema "besi yangu", alikuwa anasema "mkono wangu". Ukimpa gitaa lolote hata bovu, baada ya muda unasikia ni yeye.

Ila msije mkadhani alikuwa hajali. Mwanzoni mwa miaka ya 80 bidhaa za nje zilikuwa adimu na nyuzi za besi ndo usiseme, akawa anazichemsha. Nimemuona kwa macho yangu miaka ya baadae bado anafanya: anazifungua, anazikunja duara, sufuria ya maji kwenye jiko la mkaa, zinachemka mpaka juu panatokea utando wa kijivu, ni mafuta na jasho la vidole lililojificha katikati ya mizunguko ya ule waya. Anazitoa, anazifuta na kanga kuukuu, anazianika mpaka zikauke kabisa maana zikibaki na maji zinashika kutu. Ukizirudisha zinalia kama mpya, sema haikai, shoo mbili tatu zinafifia tena kwasababu chuma chenyewe kimeshachoka. Mtu anayechemsha nyuzi usiku wa kuamkia shoo huyo anajali chombo kuliko sisi wote wenye nembo.

#3
#2 umenigusa sana kaka. Ila napingana kidogo na hii hoja ya mkono tu. Mi napiga kanisani, bila uzi wa tano siwezi fanya kazi, nyimbo zetu zinashuka, na kiongozi wa sifa anabadilisha ki (ufunguo wa wimbo) katikati ya wimbo. Tatizo ni spika sasa. Uzi wa E unatetemeka kama mara 41 kwa sekunde, ule wa tano, B ya chini, mara 31 hivi, na spika nyingi za kumbi zetu hazifiki huko kwa sauti ya maana, kwaiyo waumini wanasikia mngurumo tu. Noti ndefu za chini nazitunza kwa sehemu zenye sabu (spika za sauti za chini) za uhakika.

#4
Kila mada kama hii lazima mtu amlete James Jamerson, mpiga besi wa studio ya Motown Marekani, kwamba alikuwa na besi yake ya Fender Precision ya 1962, nyuzi flati (zenye uso laini) habadilishi mpaka ikatike, kidole kimoja, afu hitimisho "unaona, magwiji hawajali vyombo". Naomba nipinge kwa nguvu zote. Yule alikuwa anajali mpaka basi. Nyuzi za zamani, ziko juu, ngumu kubonyeza, na studio pale Detroit besi inaingia moja kwa moja kwenye meza ya kurekodia, hiyo ni sauti ameichagua na hataki mtu aiguse. Jaco Pastorius, mpiga besi mwingine wa Marekani, nae aliishi na Fender Jazz Bass ya 1962 isiyo na freti (vile vyuma vya kwenye shingo), mashimo ya freti yamezibwa na ubao umepakwa epoksi (gundi inayokauka ngumu) ili nyuzi zisiutafune. Besi hiyo iliibiwa 1986 New York. Ya Jamerson nayo iliibiwa kabla hajafariki 1983. Mimi hizo habari zinaniuma kweli, maana hao watu walikuwa na chombo KIMOJA wanachokijua. Wabongo wenzangu, tusichanganye kutobadilisha na kutojali.

#5
Habari zenu. Dada mpiga besi hapa, bendi ya hoteli. Nyie mnaongelea sauti tu, mbona hamuongelei uzito? Besi ya kilo nne na nusu begani seti tatu usiku mmoja afu unarudi Tabata na bajaji. Mimi niliuza nzito nikachukua nyepesi yenye mkanda mpana, bega limepona, na mapigo nayashika vizuri zaidi kwasababu mpaka chemko la mwisho (ile sehemu ya kasi ya wimbo) sijachoka.

Lingine ni shingo jamani. Dar unyevu mwingi, afu unaingia ukumbi wa kiyoyozi mkavu, mbao inacheza. Nafika mapema, naitoa kwenye mfuko naiacha ikae, ndo natyuni. Nyuzi zikianza kukwaruza freti za mwanzoni nachukua ile spana ya pembe sita nalegeza kidogo kile chuma cha ndani ya shingo, robo ya mzunguko basi, nasubiri naangalia. Wanaume wawili walishataka kuninyang'anya hiyo spana "nikusaidie". Hapana. Besi yangu naisetia mwenyewe.

#6
Dada #5 heshima kwako. Nyongeza fupi: wenye besi za aktivu (zinazotumia betri), waya ukiuacha umechomekwa usiku kucha betri ya volti 9 inaisha hata kama hupigi. Chomoa. Besi ya kanisa letu ilizimika katikati ya ibada hivohivo, kwaya inaimba bila besi. Tangu hapo betri ya akiba inakaa mfuko wa begi, na ndo maana besi za Sire zenye jina la mpiga besi Marcus Miller nazipenda, zile zenye swichi ya kuhamia pasivu, betri ikifa ibada inaendelea.

#7 (mwanzisha uzi)
Aisee nimejifunza mengi. #4 hapo kwenye kutobadilisha na kutojali umenyoosha. Kuna mdogo wetu kaniuliza inboksi apateje ile sauti ya besi ya dansi la zamani, fupi, inayodunda bila kuning'inia, na hana hela ya nyuzi flati. Dogo kata kipande cha sponji ya godoro, kichomeke chini ya nyuzi karibu na briji (pale nyuzi zinapoishia kwenye mwili wa besi) kiziguse tu kisizinyanyue, punguza makali kwenye nobu ya toni, piga na ncha ya kidole karibu na shingo. Wapigaji wa studio Marekani miaka ya 60 walikuwa wanaweka vitambaa na sponji hivohivo. Ijaribu kwanza nyumbani utyuni upya, maana sponji ikikaza inavuta noti. Wengine endeleeni, hasa wa taarabu sijawasikia bado.