Nyumba imeungua hasara milioni 30, kampuni ya bima inanipa milioni 11.7. Wenye nyumba za mkopo someni hapa

Wakuu habari zenu. Mods naomba uzi huu usiunganishwe na zile nyuzi za bima za magari. Hili ni la nyumba, na najua humu mko wengi mliojenga au kununua kwa mkopo. Jina la kampuni na la benki siweki, madai bado yako mezani na sitaki mwanasheria wao apate pa kunishikia.

Nianze na jambo linaloniuma zaidi: sijanyimwa fidia. Wangeninyima ningejua napigana na nini. Hawa wamekubali kila kitu. Moto wameukubali, ripoti ya Zimamoto wameikubali, mkataba ulikuwa hai, ada imelipwa. Baada ya kukubali kote huko wakakaa chini wakapiga hesabu, milioni 30 ikatoka milioni 11 na laki saba. Na barua imeandikwa kwa adabu mno, eti "tunakupa pole kwa yaliyokupata".

Moto ulianzia kwenye nyaya juu ya dari la sebule, usiku, umeme uliporudi baada ya kukatika. Watu wote tulitoka salama, Mungu mkubwa. Lakini kenchi za upande wa mbele zimeteketea, bati la msauzi limejikunja, jipsamu imeshuka vyumba vitatu, fremu za alminiamu zimepinda. Fundi akaleta makadirio ya milioni 30, mbao zenye dawa, bati, nyaya upya, ufundi. Anayejenga Dar mwaka huu anajua hiyo si bei ya kupiga.

Sasa hiyo bima ilipatikanaje? Benki. Ukichukua mkopo wa nyumba unapewa lundo la fomu, afisa mikopo anakuonyesha kwa kidole pa kusaini, kati ya hizo moja ni bima ya moto ya jengo. Kiasi kilichoandikwa: milioni 80. Kwa nini 80? Kwa sababu mkopo ulikuwa milioni 80. Basi, hakuna sababu nyingine. Kampuni ya bima haikutuma mtu kuja kuiona nyumba. Mthamini wa benki alikuja, ndiyo, akaandika ripoti ndefu, na ripoti hiyo ikawekwa kwenye faili lile lile lenye fomu ya bima. Hakuna aliyeifungua akasema kaka, nyumba hii kuijenga upya ni zaidi ya milioni 80, ongeza kidogo.

Na kuongeza kwenyewe kungekuwa kiasi gani? Ada yangu ni 160,000 kwa mwaka, weka VAT 18% unapata 188,800. Kukata bima ya nyumba nzima kwa thamani yake kungenigharimu kiasi kama hicho tena. Chini ya laki mbili kwa mwaka! Watu wanatumia zaidi ya hiyo kwa king'amuzi. Lakini hakuna aliyesema, sababu mwenye kazi ya kusema alishapata kamisheni yake, na benki inachojali ni deni lake tu. Kila mwaka pesa inakatwa kwenye akaunti kimyakimya. Hakuna anayepiga simu kuuliza kama umeongeza chumba, kama saruji imepanda. Wanakata.

Siku ya madai ndiyo wanakumbuka kwamba nyumba ina vipimo.

Mkadiria hasara alikuja na kile kifaa cha taa nyekundu cha kupimia. Kijana mstaarabu, kila neno "mzee wangu". Nikampeleka sebuleni kwenye majivu, akapiga picha zake. Halafu akauliza, "Mzee wangu, na kule nyuma kuna nini?" Nikampeleka nyuma. Kuna banda la uani lenye vyumba viwili, jiko la nje, choo, mnara wa tanki la maji. Moto haukufika huko hata cheche. Akapima vyote. Akapima fensi. Akaingia kwenye kibanda cha mlinzi, akapima, akaandika. Mke wangu akamletea maji ya baridi, akashukuru sana. Sisi tunadhani anatafuta uharibifu mwingine asije akatupunja. Kumbe kila mita anayoandika kule nyuma inakula fedha ya huku mbele.

Wasiojua, kifungu chenyewe kinaitwa avareji. Kinasema hivi: kama mali yako umeikatia bima chini ya thamani yake, basi hata hasara ndogo utalipwa kwa uwiano huo huo. Umekatia nusu, unalipwa nusu. Wengi wanadhani nikikata bima ya milioni 80 na hasara ni milioni 30, basi 30 iko ndani ya 80, nalipwa yote. Hapana. Wao wanasema gharama ya kujenga upya kila kitu kilichomo ndani ya fensi ni milioni 160. Mimi nimekatia 80. Kwa hiyo nusu ya hasara nilikuwa "nabeba mwenyewe" miaka yote hii bila kujua.

Hesabu yao nainakili kama ilivyo. Makadirio ya fundi milioni 30. Toa milioni 4 ya uchakavu, kwa kuwa bati na mbao zilikuwa za zamani na nitapata mpya. Inabaki 26. Nusu yake kwa avareji, 13. Toa eksesi asilimia 10, yaani ile sehemu ya hasara ambayo kila mteja anabeba mwenyewe, milioni 1.3. Baki milioni 11.7.

Nikamuuliza dada wa idara ya madai, kama mlijua kupima nyumba vizuri hivi, kwa nini hamkupima siku mnachukua ada? Akanijibu, "Kaka, kutaja thamani sahihi ni jukumu la mteja." Sawa. Namba ya milioni 80 aliandika nani? Akanyamaza kidogo, akaniambia niwaone benki. Benki nako wananiambia niwaone bima. Danadana tu, na kupigwa kalenda: Jumatatu, mwisho wa wiki, meneja yuko safarini.

Ada wanataka yote kabla kava haijaanza, ukichelewa siku huna bima. Wao kulipa wanafanya kama ni hiari yao na kwa muda wao.

Na haijaisha. Hiyo 11.7 yenyewe haiji kwangu. Kwenye mkataba benki imeandikwa kuwa ndiyo ya kwanza kulipwa. Benki ikipenda inaachia fedha nikajenge, ikipenda inaiweka kwenye deni. Mimi nimepanga nyumba, nalipa kodi, rejesho la mkopo linaendelea kama kawaida, na nyumba niliyoikopea haina paa. Gharama ya kupanga wakati unatengeneza ipo kwenye bima nyingine za nyumba, kwenye hii ya benki haipo. Vyombo je? TV, friji, makochi, nguo za watoto? Sifuri. Benki iliweka jengo tu. Vitu vya ndani ni kipengele kingine chenye ada yake, na sikuwahi kuambiwa kipo.

Halafu tunaambiwa Watanzania hawakati bima. Soko la Kariakoo lilipoungua Julai 2021 wahubiri wa bima walijaa kwenye redio. Mimi nimekata! Nimekaa mstari wa mbele nikakata, na haya ndiyo malipo yake. Wazee wetu walikuwa na shirika moja la umma la bima baada ya 1967, soko likafunguliwa miaka ya 1990 tukaambiwa ushindani utaleta huduma. Ushindani naouona ni wa kuuza. Kwenye kulipa hakuna anayekimbizana na mwenzake.

Tangu nigusie habari hii kwenye uzi mwingine, PM (ujumbe wa faragha) imejaa maswali. Siwezi kumjibu kila mtu, najibu hapa kwa niliyoyajua kwa machungu.

Anayeuliza kiasi gani aandike: gharama ya kuijenga nyumba upya leo, pamoja na kusafisha kifusi na kumlipa mchoraji wa ramani. Si bei ya kuiuza. Bei ya kuuza ina kiwanja ndani, na kiwanja hakiungui. Kuna watu wa Mikocheni wanalipia bima ya ardhi bure, na watu wa Chanika walioandika namba ya chini kuliko matofali waliyopanga. Kila mwaka unapohuisha, badilisha hiyo namba wewe mwenyewe kwa barua, usisubiri kuulizwa.

Mafuriko: usidhani yamo. Bima ya moto ya kawaida ni moto na radi, na mlipuko kwa masharti. Mafuriko, dhoruba, tetemeko, bomba kupasuka, hivyo vinaongezwa na lazima uvione vimeandikwa. Waliokumbwa na mvua za mwisho wa 2023 hadi masika ya 2024 wanajua maji ya Dar yanavyoingia sebuleni. Na wa Bukoba, tetemeko la Septemba 2016 mnalikumbuka. Fungueni makaratasi yenu leo mtafute hilo neno kama lipo.

Wizi: karibu kila mkataba unataka ushahidi wa kuvunja. Mlango umevunjwa, grili imekatwa. Dada wa kazi akiondoka na laptop mlango uko wazi, mara nyingi hulipwi. Na ukisema kwenye fomu una mlinzi wa usiku, awepo kweli. Ndugu zetu wa diaspora wenye nyumba zilizofungwa Kigamboni, ulizeni nyumba ikikaa bila mtu siku ngapi kava inasimama. Mikataba mingi inasema 30.

Mpangaji: unaweza kukata ya vitu vyako. Jengo ni la mwenye nyumba, bima yake haitalipa friji yako.

Aliyesema "mkopo si una bima tayari": ile ni bima ya mkopo, wewe ukifa deni linalipwa. Nyumba ikiungua na wewe uko hai, bima hiyo haihusiki. Watu wanakatwa zote mbili na hawajui ipi ni ipi. Ombeni nakala ya mkataba mzima. Mimi kwa miaka yote nilikuwa na karatasi moja tu, mkataba kamili nimeupata baada ya moto, tena kwa kugombana.

Sasa wameniletea hati ya kusaini kwamba napokea 11.7 kama malipo ya mwisho na sitadai tena. Wanasema nikisaini fedha inatoka haraka. SIJASAINI. Yeyote aliyeko kwenye hali kama yangu asisaini kwa sababu ya shida ya kodi, ukishaweka sahihi hapo umejifungia mlango. Nimewaandikia kupinga, nakala yangu ina muhuri wao wa kupokea. Wakikaza, nakwenda kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ile ofisi iliyoundwa kwa Sheria ya Bima ya 2009, na malalamiko dhidi ya mwenendo wa kampuni nayapeleka TIRA, mamlaka ya serikali inayosimamia kampuni za bima. Najua kuna watakaokuja kuandika "utazungushwa tu huko". Acha nizungushwe, nina hasira ya kutosha.

NYONGEZA: Mdau mmoja wa bima amenishtua PM, nikausoma upya ukurasa wa kwanza wa mkataba. Mali iliyokatiwa bima imeandikwa "nyumba moja ya makazi yenye paa la bati". Nyumba MOJA. Haisemi banda la uani, haisemi fensi, haisemi mnara wa tanki. Ripoti ya yule kijana mstaarabu inaonyesha nyumba kubwa peke yake ni milioni 130, hayo mengine ya nyuma ndiyo yanajaza 160. Yaani banda lingeungua wasingelipa hata senti, wangesema halimo, lakini kwenye kunipunguzia fidia limo! Kwa 130 hesabu inakuwa 26 mara 80 gawanya 130, milioni 16, toa eksesi, 14.4. Tofauti ya milioni 2.7, karibu bati zote za upande ulioungua.

Wakadiriaji hasara mlioko humu, najua mpo na mnasoma kimya: kitu ambacho hakimo kwenye maelezo ya mali iliyokatiwa bima kinaingiaje kwenye thamani ya avareji? Nipeni kifungu, siyo "ndivyo tunavyofanya". Barua ya pili naipeleka Jumatatu asubuhi na nataka kuiandika vizuri.