Paka mgeni kajichimbia nyuma ya friji, nifanyeje?

MamaNkuhungu
Wakuu, habari za jioni. Niko Nkuhungu, Dodoma. Tangu tuingize magunia ya mahindi ndani, panya hawatuachi tulale, na sumu siwezi kuweka maana nina mtoto anayetambaa. Wifi yangu wa Kondoa akanipa paka jike, mkubwa, wa kijivu na kifua cheupe. Kaja na basi ndani ya boksi la sabuni lenye matundu, akilia njia nzima mpaka konda akanuna.

Kumfungulia tu, kaingia nyuma ya friji. Mchana ukichungulia unaona macho. Asubuhi sahani ya dagaa nakuta tupu, ila sijui anakula yeye au panya. Mwanangu wa darasa la tatu anampelekea mpini wa fagio eti atoke, jana kaparuliwa mkono mpaka damu. Na upepo huu wa Julai, kuna bati limelegea msumari. Likipiga tu namsikia anajigonga kule nyuma. Mume wangu anasema fungua mlango, akitaka kukaa atakaa. Mama mkwe anasema paka huletwa kwenye gunia ili asione njia. Nisaidieni.

Dereva_Kibaigwa
Usifungue mlango dada. Hapo kwako bado hapajui, akitoka hana pa kurudia, na mbwa wa mtaani hawaulizi. Halafu mwambie mama mkwe kwenye boksi napo hakuona njia 😂

BibiMpwapwa
Mwanangu, kwanza mnyang'anye huyo mjukuu wangu fagio. Paka aliyeogopa akivutwa anajifunza kwamba hata pale alipojificha mkono unafika, na hapo mtaanza upya.

Hakuna haja ya kumtoa, mpe maficho mazuri kuliko friji. Chukua lilelile boksi, maana lina harufu yake, lilaze ubavu kwenye kona isiyopitwa na watu, tandika kanga kuukuu uliyoivaa bila kuifua. Hapo atalala na harufu yako bila wewe kuwepo. Kama una stoo au chumba kidogo, ni bora kuliko jikoni. Usiku akishatoka kula, ziba nyuma ya friji kwa ubao. Ila boksi litangulie ndipo ubao ufuate, usije ukamkosesha pote pawili.

Kujua nani anakula, nyunyiza unga kidogo sakafuni kuzunguka sahani. Nyayo za paka ni za duara na makucha hayaonekani; za panya utaziona zina vidole vyembamba, na mkia huwa unaburuta mstari.

Halafu kazi yako ni kukaa. Mimi hukaa kwenye kigoda nachambua mlenda, nimempa ubavu, simtazami. Paka akikaziwa macho anaona unatafuta ugomvi. Mkikutana macho, yafumbe polepole, fumbua, geukia pembeni. Siku naye atakayokufumbia hivyo, ujue mmeanza kuelewana. Dagaa wachemshe bila chumvi, weka mmoja mmoja, kila siku sogeza kidogo upande wako. Atatoka tumbo likigusa sakafu, mkia chini, masikio yamelala, usinyanyue mkono. Akianza kujilamba mbele yako, hofu imepungua. Wakati wa kumgusa ukifika, nyoosha kidole kimoja akinuse, akikusugulia shavu mkune hapohapo shavuni. Tumbo muachie mwenyewe.

Na hilo bati, baba watoto apande kesho apige msumari. Yeye ndiye anayetaka kufungua mlango, basi apewe kazi.

Afisa_Mifugo
Bibi kamaliza, naongeza ya kitabibu. Mtoto aliyeparuliwa: osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, hata kama ni jana, kisha zahanati waamue kuhusu chanjo ya kichaa cha mbwa. Paka naye achanjwe akishatulia.

Paka mkubwa asipokula kabisa siku mbili mfululizo, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Ini lake huharibika haraka akikaa na njaa. Usimpe panadol kwa hali yoyote, inaua paka. Dawa ya viroboto ya mbwa yenye permethrin nayo hivyohivyo. Maziwa ya ng'ombe humharisha wengi wao, maji yanatosha. Waulize majirani kama wanatega sumu, maana akila panya aliyekufa kwa sumu naye anaweza kufa. Kumtoa nje subiri kama mwezi hivi, umfungulie kabla hajala, ili njaa imrudishe.

MamaNkuhungu
Asanteni jamani, bibi nimekuelewa. Boksi nimeliweka stoo, na baba watoto kaambiwa habari ya msumari, kacheka tu. Swali moja: choo chake nimeweka beseni la mchanga, sasa huyu mdogo anayetambaa si atauchota ale?

Afisa_Mifugo
Atakula, tena kwa furaha. Mlango wa stoo ufungwe kwa kamba, ubaki upenyo wa paka kupita tu. Kinyesi kitolewe kila siku, chimbia mbali na bustani ya mboga, nawa mikono. Na kama kuna mjamzito hapo nyumbani, kazi ya beseni afanye mtu mwingine.